Shoka Nililolitia Katika Hadithi

Ukiambiwa na daktari kwamba una kifua kikuu, watu watakufundisha mengi. Watakwambia ule mayai, unywe supu ya kongoro, ulale dirisha wazi. Hakuna atakayekwambia habari ya wivu. Mimi niliugua karibu miezi ishirini, na kikohozi kilinitesa kwa zamu, siku kinakuja, siku kinaniacha. Wivu haukunipa hata siku moja ya mapumziko. Ndiyo maana ninaandika. Mwenzangu unayeanza safari hii huenda ukanicheka, na ucheke tu, lakini huenda pia ukajiona.

Tulikuwa tunakaa Mkunazini, ghorofani, katika nyumba ya wazee wa mume wangu. Hamadi alikuwa karani bandarini. Tulikuwa na mtoto mmoja, Zuhura, ana miaka minne. Chumba cha pili alilala wifi yangu Raya, dada yake Hamadi, mwanamke aliyeachwa na waume wawili kwa kosa la kutozaa. Raya alinizidi kwa kila kitu cha nyumba ile. Mkate wake wa kumimina unapanda, wangu unalala chali. Ushoni wake umenyooka. Nguo akizianua yeye utadhani zimepigwa pasi. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yeye hakuwa nacho, nacho ni hadithi. Nilizichukua Mangapwani kwa bibi yangu mzaa mama, na baada ya sala ya isha, nikisema "Paukwa!", Zuhura hujibu "Pakawa!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, na wakati ule nilikuwa mimi ndiye malkia wa nyumba.

Ulikuwa mwaka wa tatu baada ya Mapinduzi, wakati wa vuli, nilipoanza kukohoa. Nikasema ni mvua. Kisha sauti ikakauka. Nikapewa asali na tangawizi, nikanyweshwa kombe la aya za Kurani, mwalimu mmoja akanisomea, jirani akasema nimetupiwa jini kwa sababu nacheka sana ukweni. Kanga ikaanza kunizunguka mara mbili kiunoni. Siku nilipotema damu kwenye beseni la kunawia, Hamadi aliiona kabla sijaimwaga, na kesho yake tukawa kwenye benchi la hospitali.

Benchi lile ninalijua kuliko kitanda changu cha harusi. Lilikuwa refu, na lilichakaa katikati kwa makalio ya watu. Unakaa mwisho, unasogea, unasogea, na kila anayeitwa anakuachia joto lake. Nilipigwa picha ya kifua, nikatema kwenye kikopo, nikaambiwa nirudi, nikarudi. Siku ya majibu daktari alizungumza na Hamadi kama kwamba mimi nimekwenda sokoni. Kifua kikuu, akasema, na kimefika kooni. Nilazwe miezi miwili nichomwe sindano kila siku. Mtoto asinikaribie. Na nisiseme.

"Asiseme nini?" Hamadi aliuliza.

"Asiseme kitu. Hata kunong'ona asinong'one. Koo likipona, sauti itarudi. Asipolipumzisha, sauti basi tena."

Jioni ile nilifunga nguo zangu kwenye kitambaa huku Zuhura amefungiwa chumba cha pili. Nilimtazama Hamadi. Alielewa ninachouliza: nani atalala na mtoto? Kabla hajafungua kinywa, Raya alisema mlangoni, "Mie nipo." Alisema maneno mawili tu, tena kwa huruma. Ningeweza kumkaba.

Sindano zilikuwa za matakoni, leo kulia kesho kushoto, mpaka nikawa sina upande wa kukalia. Midomo ilikuwa inakufa ganzi kila baada ya sindano na kichwa kinazunguka kama niliyeshuka chomboni. Vidonge vilikuwa vikubwa na vinanuka. Kitanda cha pili alikuwapo mwanamke wa Tumbatu, mcheshi, anayeruhusiwa kusema, na anasema kwa niaba yangu na yake. Watoto hawakuruhusiwa kuingia. Kila Ijumaa Raya alimleta Zuhura akasimama naye uani chini ya madirisha, akamnyanyua juu ili anione. Ijumaa ya kwanza mwanangu alinyanyua mkono akapunga kwa furaha, tena sana, lakini alilipungia dirisha la yule mama wa Tumbatu. Na yule mama naye akampungia! Siku nzima sikumtazama usoni. Maskini, hakujua amekosa nini.

Hapo ndipo nilipojua kuwa wivu ni ugonjwa mwingine, na kwamba hauna sindano.

Nilipotoka wodini masika yalikuwa yameshaanza. Daktari hakutaka nirudi kwenye nyumba ya watu tisa na mtoto mdogo. Nikapelekwa Kidichi kwa kaka yangu Kombo. Kombo alikuwa amepewa eka zake tatu na serikali, na ndani yake mna mikarafuu, mifenesi miwili, na kibanda alichokikandika mwenyewe. Hana mke wakati ule, anapika mwenyewe na anaunguza mwenyewe. Alinitengea chumba cha upande wa upepo, sahani yangu, kikombe changu, na kopo la kutemea lenye kifuniko. Mara tatu kwa wiki nilikwenda kwa miguu kwenye kituo cha dawa kuchomwa sindano, nikirudi ninalala mpaka alasiri. Bado nilikuwa sisemi. Nilikuwa na daftari na penseli, naandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa chuoni kwa Kurani, na Kombo anasoma kwa taabu akilalamika kuwa nukta zangu zinakimbia.

Raya alikuja kila Ijumaa ya pili kwa gari la shamba, akiniletea vidonge, sukari, na habari. Habari zake zilikuwa misumari. Zuhura kang'oka jino. Zuhura kajifunza Alhamdu yote. Zuhura kashonewa gauni la njano. "Kanenepa, wifi, mashaallah, utamwona." Nikiandika, "Ananiulizia?" Raya anasoma, anatua kidogo, kisha anasema, "Anakuulizia." Nilikipima kile kituo chake kama muuza dhahabu. Siku moja aliponyoka, akasema, "Juzi kaniita, 'Ma, njoo'..." kisha akajirekebisha, "kaniita shangazi." Lakini lilikuwa limeshatoka. Nikasikia kitu kinanisokota chini ya mbavu, mahali ambapo daktari hakupapiga picha.

Hamadi alipokuja nilimwandikia ukurasa mzima. Aliusoma akaukunja. "Dada anakulelea mwanao, wewe unataka kumshitaki?" Alisema bila ukali, na ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nilimwandikia: *Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.* Alikaa hatua nne mbali nami, kama alivyoagizwa, akala fenesi, akarudi mjini.

Basi Ijumaa moja mvua imesimama, Raya alisema, "Wifi, mtoto hapati usingizi. Anataka hadithi. Mie nikianza najichanganya, ananiambia hujui. Niandikie japo moja, nimsomee."

Ningefurahi, sivyo? Hapo hapo nimehitajiwa. Lakini mwenye donge hasikii hivyo. Mimi nilisikia kwamba aliyenichukulia kitanda na jina sasa anataka na hadithi, mali yangu ya mwisho. Nikatikisa kichwa kukubali. Nikachukua penseli.

Hadithi aliyoipenda Zuhura kuliko zote ni ya mwanamke aliyekwenda kutafuta maji mwaka wa ukame. Mtoto hawezi mwendo, basi mama anamwomba mti mkubwa umshikie. Mti unafunguka, unamtia mtoto ndani, unamlisha matunda yake na kumfunika kwa majani. Mama anapotea miaka. Anaporudi na maji yake anaimba, "Funguka mti, funguka, mwenyewe nimeshafika," na mti unafunguka, unamtoa mtoto mzima, na mama anaumwagia mti maji ya kwanza kabla hajanywa mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyoipokea kwa bibi, na hivyo ndivyo nilivyoihadithia siku zote.

Siku ile sikuiandika hivyo. Niliandika kwamba mti ule ulikuwa mwizi. Mama aliimba, mti ukakataa kufunguka, ukasema, "Mtoto ni wangu, mimi ndiye niliyemlisha." Basi mama akenda akaleta shoka. Akaukata mti pigo moja, mapigo mawili, mpaka ukaanguka, mtoto akatoka, na mti ule haukuota tena mpaka leo.

Raya aliisoma palepale, polepole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho uso haukubadilika. Akaikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga. "Haya, wifi. Nitamsomea." Baadaye Kombo aliniambia alimsikia akisema ataipiga pasi ya mkaa kwanza, kuua vijidudu. Barua yangu, kupigwa pasi! Nilikasirika na pasi, nikasahau nilichokiandika.

Alipokuja tena niliuliza kwa penseli: *Kaipenda?*

"Huitaka kila siku," Raya akasema. "Ndo anayoilalia."

Nilifurahi. Sitaficha. Nilifurahi kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai ya mkwewe.

Kipupwe kilipoingia daktari alinitazama kooni kwa kioo akasema nianze kusema, lakini kidogo kidogo, mahali pa wazi, mbali na watu. Neno hapa, neno pale, kama mtoto anayefunzwa kutembea. Mbali na watu maana yake nini katika eka tatu? Maana yake mikarafuu. Kombo alikuwa na mstari mmoja wa mikarafuu kumi na moja, unaoanza nyuma ya kibanda na kuteremka mpaka kwenye kijito. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, nikaenda kwenye mti wa kwanza, nikaweka kiganja kwenye gome lake, nikasema, "Paukwa."

Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu anayekwaruza sufuria. Na tena, mti haukujibu. Nilisimama pale nimejikuta sijui la kufanya. Wewe uliyezaliwa na lugha hii unajua kwamba hadithi haianzi mpaka mtu ajibu. Bila ya jibu unasema na ukuta. Nikangoja. Majani machanga mekundu yakacheza kidogo juu. Basi nikajijibu mwenyewe: "Pakawa." Nikaenda mti wa pili.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusema upya. Mti mmoja, sentensi moja. Nasema, naegemea, napumua, nakohoa ikibidi, naenda mti unaofuata. Juma la kwanza sikufika zaidi ya mti wa tatu. Nikaijua miti ile kama nilivyoyajua yale madirisha ya wodi. Wa nne ulikuwa umevunjika tawi na wachumaji, na jeraha lake limefunga vizuri. Wa saba ulikuwa na kibiongo, na ndio niliopenda kuuegemea kwa sababu mgongo wangu uliingia pale. Nilikuwa nikiugusa ninasikia ubaridi wa gome unaingia kwenye kiganja, na kifua kinatulia, sijui kwa nini. Najua tu kwamba mti haukutazami kopo lako la kutemea, haukai hatua nne mbali nawe, na hauna haraka ya gari la saa nane. Mwenzangu, kama utapata mti, usione haya.

Siku moja, kwenye mti wa sita, nilikuwa naihadithia ile ya ukame, ya kweli, ili nisiisahau. Nilifika mama amerudi na maji. Nikafika mti wa saba, nikaweka kiganja, nikafungua kinywa niimbe "Funguka mti, funguka," na kilichotoka ni hiki: "Akenda akaleta shoka."

Nimeuambia mti! Nimeushika na huku nauambia! Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka. Nilijaribu tena, na ulimi ukateleza palepale, kama gurudumu lililozoea shimo. Miaka yote nilikuwa msimulizi, na msimulizi anasikiliza wasikilizaji, hajisikilizi. Pale nilikuwa msimulizi na mjibuji peke yangu, na kwa mara ya kwanza nilijisikia. Nilisikia mwanamke mwenye roho mbaya.

Nyuma yangu Kombo akacheka. Alikuwa amebeba pakacha la mihogo. "Dada! Mti wenyewe nimepewa juzi, ushaanza kuutishia shoka?" Kisha akanitazama vizuri. "Na hadithi mchana! Utaota mkia, wallahi."

"Ushaota," nikasema. Lilikuwa neno langu la kwanza kumwambia mtu tangu kaskazi. Kombo aliliweka pakacha chini, akalia kama mtoto, na mimi nikalia, kila mmoja kwa sababu yake.

Utadhani Ijumaa ile nilimwambia Raya kweli. Sikumwambia. Alikuja amevaa kanga mpya, ananukia udi, akasema Zuhura amejifunza kujifunga kanga "kama mie." Nilikuwa na sauti sasa, kidogo, na nikaitumia kuulizia bei ya mchele. Kiburi kinaishi hata kwenye mapafu mabovu. Vuli ikaja, mikarafuu ikaanza kuchanua, Kombo akaleta wachumaji, majamvi yakatandazwa uani, na shamba zima likanuka mpaka kwenye uji. Mimi nikawa nafika mti wa kumi na moja bila kukohoa. Kanga ikaanza kutosha. Makohozi yakapimwa mara tatu, yote safi.

Nilirudi Mkunazini kaskazi inavuma. Nilipanda ngazi zile nikipumzika mara moja tu. Zuhura alikuwa amesimama juu, mrefu, meno mawili hana, ameshika kanga ya Raya kwa mkono wote. Nikachutama. "Zuhura. Mama huyu."

"Shikamoo," akasema. Kumbe mwanangu amefundishwa adabu ya wageni.

Nilimpa mashokishoki. Hakuyachukua. Alikizunguka kifurushi changu cha nguo, akakiinua pembe, akachungulia chini yake. Nikadhani anatafuta zawadi kubwa zaidi. Akamwendea Raya akamvuta ainame, akamuuliza kitu sikioni. Raya akasema, "Hamna. Hakuja nalo."

Siku tano alinitazama mikono. Nikinyanyua kisu cha kukatia vitunguu, hutoka jikoni. Nikiingia chumbani kwa Raya, hujitia katikati yetu. Hakukubali kukaa nami. Siku ya sita, baada ya isha, nikasema nitamrudisha kwa kile ninachokijua. Raya alikuwa kwenye mkeka anashona, Zuhura ubavuni mwake. Nikasema, kwa sauti yangu hii mpya ya mkwaruzo, "Paukwa!"

Alimtazama Raya kwanza. Kisha polepole, "Pakawa."

Nikaanza ile ya ukame. Alisikiliza. Mama akarudi, akaimba, mti ukafunguka...

"Siyo hivyo," Zuhura akasema.

"Ndivyo, mwanangu."

"Siyo. Iko kwenye karatasi. Mama yake anakuja na shoka, anaukata mti." Akamshika Raya shingo kwa mikono miwili, akanigeukia, akasema, "Ma, usimkate Ma Raya."

Nilikaa. Miezi yote ile, kila alipolala, mwanangu alisubiri nirudi kama anavyosubiriwa mwuaji. Nilimchimbia Raya kisima, na aliyetumbukia ni mtoto.

Asubuhi nilimkuta Raya jikoni anachagua mchele kwenye ungo. Nikakaa mbele yake. Nikasema, "Wifi, ile hadithi niliipinda."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Wifi, mie nalala chumba cha pili. Miaka mitatu nimeisikia ile ya kweli kupitia mlangoni. Naijua mpaka unapopumua, kusimulia tu ndiko nisikokuweza." Alitoa kijiwe akakitupa. "Nlijua unanisema mie."

"Basi kwa nini ulimsomea?"

"Aliniuliza mama kasemaje. Nimwambie nini, nikutie maneno mdomoni?" Aliuweka ungo chini, na hapo nikaona uso wake kwa mara ya kwanza bila ule unyoofu wake. "Na tena sikufichi. Alipokuwa akiogopa, akanishika shingo namna ile, nlifurahi. Hakuna mtu aliyepata kunishika namna ile, Salma. Ningeweza kuigeuza ile hadithi. Sikuigeuza."

Hakuwa amewahi kuniita jina langu. Tukatazamana, wanawake wawili wenye roho mbaya, juu ya ungo wa mchele.

"Kulea mimba si kazi," akasema, akifuta macho kwa pindo, "kazi kulea mwana. Lakini wako ni wako. Nimeshamwandikia mama mdogo Pemba, nnakwenda kukaa kwake. Mtoto akuzoee."

Hayo ndiyo maneno niliyoyaomba kwa Mungu kila baada ya sindano. Raya aondoke. Sasa ameyasema, tena kwa hiari yake, na sikuwa na kazi ila kunyamaza. Nikamwona Zuhura akiamka na kukuta chumba cha pili kitupu, na mimi nimesimama pale. Nisingehitaji kushika shoka ili anione nalo.

"Usende," nikasema. Iliniuma kulitoa neno lile kuliko kidonge chochote. "Usende, Raya. Ukenda atajua nimekukata."

Mume wangu Hamadi alipotuona tunalia pamoja aliuliza nani kafa.

Hadithi ile hatukuigusa, tukangoja mpaka kipupwe, daktari aliponipima tena na kusema sasa mtoto anaweza hata kulala nami. Siku ya pili yake tukapanda gari la shamba watatu, Raya, Zuhura, na mimi, tukashuka Kidichi. Kombo akamtembeza mpwa wake mstari wote wa mikarafuu, akimwonyesha kila mmoja kama anayemjulisha kwa jamaa. Kwenye mti wa saba, ule wa kibiongo, nilitandika jamvi. Raya akakaa upande mmoja, Zuhura akamkalia mapajani. Mimi nikakaa upande wa pili, mgongo kwenye mti.

Nikaanza. Alijibu. Ukame ukaja, mama akaenda, mti ukalea, na mara hii sikuharakisha sehemu ya kulea. Nilieleza mti ulivyomlisha, ulivyomfunika, ulivyomsuka nywele kwa vijiti vyake, ulivyomfundisha Alhamdu. Raya alitazama chini. Mama akarudi. Nikatua.

"Kaja na nini?" Zuhura akauliza, amekaza macho.

"Kaja na maji."

"Na nini tena?"

Nikanyoosha mikono yangu miwili mbele yake, viganja juu. Akatoka mapajani mwa Raya, akatambaa jamvini, akavishika viganja vyangu. Akavigeuza. Akatazama nyuma, akatazama kati ya vidole, akanusa. Akapekua mikono ya gauni langu. Kisha akainama akachungulia nyuma ya mgongo wangu, mpaka alipohakikisha kuna mti tu.

"Na mti?" akauliza.

"Mti upo."

"Haukatwi?"

"Haukatwi. Mtoto akiutaka anauendea."

"Hata akiwa na mama yake?"

Nilimtazama Raya. "Hata akiwa na mama yake," nikasema.

Alifikiri, kama anavyofikiri baba yake. Kisha akajinyoosha jamvini, akaweka kichwa chake mapajani mwangu, kizito, kina joto, kinanuka mafuta ya nazi, baada ya mwaka mmoja na nusu. Sikupumua. Niliogopa kukohoa. Miguu ya Zuhura ilikuwa imebaki mapajani mwake, naye alikuwa akiifuta mchanga, kidole kimoja kimoja, na hata vile vidole vya miguu niliviona, Mungu anisamehe, nikavionea wivu.